Bahari Inapofika Mumias

Mwezi Mei, mvua za masika zinapokolea, Mto Nzoia hupita chini ya daraja la barabara ya Mumias kwenda Bungoma ukiwa mwekundu kwa udongo. Maji hayo yametoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangany. Yamekatiza mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, yakaanguka kwenye maporomoko ya Webuye, kisha yakateremka hadi nchi ya Wawanga. Kutoka hapa yanaelekea Bunyala, katika kaunti ya Busia, ambako mto huingia Ziwa Victoria. Mtu aliyesimama darajani Mumias huyatazama yakipita, akaendelea na safari yake. Mtu wa Bunyala huyatazama maji hayo hayo akijiuliza familia itahamia wapi yakifika mlangoni.

Sura hii inahusu nyumba za ufukweni na siasa zinazozizunguka, na huenda msomaji akashangaa kuanzia mji ulio mita 1,300 hivi juu ya bahari, mamia ya kilomita kutoka Mombasa. Lakini Mumias na pwani wanajuana tangu zamani. Katika karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilipanda kutoka pwani ikitafuta pembe za ndovu, ikapumzika kwenye makao ya watawala wa Wanga. Nabongo Mumia, aliyetawala kuanzia miaka ya 1880 hadi kifo chake mwaka 1949, aliwapokea wageni hao, na Uislamu na Kiswahili walivyokuja navyo vingali hai mjini. Elureko, kama mji ulivyoitwa, ukawa kituo muhimu cha utawala wa Waingereza magharibi mwa Kenya hadi mwaka 1920, makao hayo yalipohamishiwa Kakamega.

Siku hizi kinachopanda kutoka pwani ni mvua. Bahari ya Hindi ina tabia ya kupata joto upande mmoja kuliko mwingine. Maji ya upande wa Afrika Mashariki yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvuke mwingi huinuka karibu nasi na mvua za vuli huwa kubwa kupita kiasi. Ilitokea hivyo mwaka 1961, ikatokea tena 1997 na 2019. Kila mara, walioishi kandokando ya Nzoia ya chini na ufuoni mwa Ziwa Victoria walilipia. Joto la dunia linalozidi huchochea mvua za namna hiyo, na ndilo pia linalotanua maji ya bahari na kuyeyusha barafu. Ndiyo maana nyumba iliyobomoka Bunyala na nyumba iliyomezwa na mawimbi Kipini, pwani, zinastahili kuzungumziwa pamoja.

Ziwa lililopanda

Mvua za mwaka 1961 ziliendelea hadi 1962, na Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Vijiji vya ufuoni vilihama. Kizazi kilichofuata kilisimuliwa habari hizo kama jambo lisilorudi, kwa kuwa ziwa lilishuka polepole na ardhi yenye rutuba ikajitokeza tena. Watu waliilima, wakajenga, wakazika wazee wao.

Mwishoni mwa 2019 mvua zikafunguka. Novemba mwaka huo maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 40 Pokot Magharibi. Mvua hazikupumzika vya kutosha kabla ya masika ya 2020. Katika muda wa miezi michache ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 1, na mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mwaka 1964. Aprili mwaka huo kisiwa cha mimea kinachoelea kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye bwawa la Nalubaale, kikaziba mitambo na kuiacha Uganda gizani. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena hadi kukipita kiwango cha 2020.

Ziwa likijaa hivyo, Nzoia hukosa pa kumwaga maji yake. Mto unateremka kwa nguvu kutoka mlimani huku ziwa likiurudisha nyuma mdomoni. Maji hutanda Bunyala, tambarare ambayo haikosi mafuriko hata miaka ya kawaida. Mei 2020 maelfu ya watu walihamia kambini, wakabanana chini ya maturubai wakati serikali ikiihimiza nchi nzima ikae mbalimbali kwa hofu ya korona.

Ni vyema kueleza jinsi nyumba ya Bunyala inavyoanguka, maana anayeona picha za angani tu hawezi kujua. Nyumba nyingi ni za udongo uliokandikwa kwenye fito na nguzo, juu ni mabati. Maji yakisimama siku moja, ukuta huanza kulainika kutoka chini. Siku ya pili au ya tatu udongo hudondoka vipandevipande na kuacha fito wazi, kama mbavu. Paa hubaki limekaa juu ya nguzo. Hapo wenye nyumba hurudi kwa mtumbwi kung'oa mabati, moja baada ya jingine, kwa sababu mabati ndiyo mali pekee ya nyumba hiyo inayoweza kujenga nyumba nyingine. Udongo hauna bei. Mabati yalinunuliwa kwa pesa za samaki, mpunga au mshahara wa mtoto aliye Nairobi. Mafuriko yakirudi mwaka unaofuata, mabati hayo hayo yenye matundu ya misumari ya zamani hung'olewa tena.

Choo kinapofurika, maji ya kunywa nayo yamekwisha kuchafuka. Kipindupindu na kichocho hufuata. Viboko huingia mashambani. Makaburi huzama, na mwenye msiba hukosa kipande cha ardhi kavu cha kumlaza marehemu nyumbani kwake, jambo zito kwa Mluhya na kwa Mjaluo pia.

Matuta na ahadi

Baada ya mafuriko ya miaka ya 1960, serikali iliamua kujenga matuta ya udongo pande zote mbili za Nzoia ya chini. Kazi ilifanyika miaka ya 1970 na 1980, na matuta hayo yana urefu wa zaidi ya kilomita 30 kwa jumla. Yalileta nafuu ya kweli. Watu walisogea karibu zaidi na mto, wakapanda mpunga na mboga, shule zikajengwa.

Lakini mto uliobanwa kati ya matuta hauachi udongo wake mashambani kama zamani. Huuacha ndani ya mkondo wenyewe. Mwaka baada ya mwaka sakafu ya mto huinuka, na maji huinuka pamoja nayo, hadi mto unapita juu kuliko mashamba yaliyo kando yake. Siku tuta likipasuka, maji hutoka kwa kishindo, na kwa kuwa tuta liko juu, hayana njia ya kurudi mtoni. Hukaa mashambani kwa wiki kadhaa. Ng'ombe wanaopita juu ya tuta, fuko wanaolichimba na watu wanaotoa udongo wa kufyatulia matofali hulidhoofisha zaidi. Miaka ya 1997, 2003, 2007, 2008, 2011 na 2020 imeandikwa katika kumbukumbu za Bunyala kwa mapasuko na mafuriko hayo.

Kila baada ya pasuko hufuata hatua zilezile. Helikopta hutua. Waheshimiwa huvaa gambuti na kupanda mashua. Unga, maharagwe na blanketi hugawiwa, tuta huzibwa kwa magunia ya mchanga, na jukwaani hutolewa ahadi ya suluhisho la kudumu. Suluhisho hilo limetajwa kwa majina mengi: bwawa kubwa huko juu ya mto, kunyoosha mkondo, kuimarisha matuta, kuhamisha watu. Mradi wa kupunguza mafuriko magharibi mwa Kenya, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2007, ulifanya kazi ya maana, na mradi wa umwagiliaji wa Nzoia ya Chini uliofuata ulijumuisha ujenzi wa matuta. Bwawa lililozungumzwa kwa miongo kadhaa lingali mpango.

Kuna jambo moja lililofanyika vizuri, nalo halikugharimu kama bwawa. Idara ya Hali ya Hewa ilisaidia kuanzisha Bulala FM, redio ya jamii ya Budalang'i, kama jimbo la Bunyala linavyoitwa, ili habari za mto zifike kwa lugha ya wenyeji. Maji ya mlimani huchukua muda kabla ya kufika tambarare, na kipimo kilichowekwa Rwambwa huonyesha yanapopanda. Onyo likitangazwa mapema, mama huondoa watoto, mifugo na magunia ya nafaka kabla ya giza. Redio haiokoi nyumba, lakini imeokoa watu. Ni ushahidi kwamba serikali ikiamua kufanya kazi kabla ya maafa, inaweza.

Kwa nini basi kazi kubwa zaidi haifanyiki? Sehemu ya jibu iko Mumias. Mto huu hupitia kaunti kadhaa, na kila kaunti ina gavana wake, wabunge wake na hesabu yake ya kura. Mkulima wa Trans Nzoia anayelima hadi ukingoni mwa kijito hampigii kura mbunge wa Budalang'i. Mumias, iliyoko katikati, kwa miaka mingi imekuwa na hoja moja kuu ya kisiasa, nayo ni kiwanda cha sukari. Kiwanda hicho kilichoanza kusaga muwa mwaka 1973 kilijenga mji, kikasomesha watoto, kisha kikazama katika madeni hadi kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Baadhi ya wakulima waliochoka kungoja malipo waling'oa muwa wakapanda mahindi. Muwa hukaa shambani miaka kadhaa na mizizi yake hushika udongo. Shamba la mahindi hulimwa na kuachwa wazi mvua zinapoanza. Hivyo hata mgogoro wa sukari unateremka na mto. Mwanasiasa wa Mumias hana sababu ya kuwajibu wapiga kura wa Bunyala kuhusu udongo unaotoka kwake, kwa kuwa hana kura ya kutafuta huko.

Na nje ya mipaka ya Kenya hali ni ileile. Mlango pekee wa kutokea wa Ziwa Victoria uko Jinja, ambako maji huachiliwa kupitia mabwawa kwenda Mto Naili. Mwaka 2020 Uganda ilifungua maji mengi kuliko kawaida ili kupunguza ziwa, huku ikiwaza mafuriko yatakayowapata walio chini ya mto. Familia ya Bunyala inaishi chini ya uamuzi wa watu wengi mno isiowajua.

Udongo uliozidi na mchanga uliopungua

Upande wa pili wa nchi, kwenye mdomo wa Mto Tana, kuna mji mdogo wa Kipini. Wakati wa ukoloni ulikuwa makao ya wilaya. Kwa miongo kadhaa bahari imekuwa ikila ufuo wake, ikichukua nyumba, minazi na majengo ya zamani. Wenyeji wamejenga, wamerudi nyuma, wamejenga tena.

Bahari yenyewe imepanda. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, IPCC, linasema usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kasi inaongezeka. Kufikia mwaka 2100 huenda ukapanda kwa kati ya sentimita 28 na 55 iwapo dunia itapunguza hewa chafu kwa haraka, au kati ya sentimita 63 na mita 1 ikiwa itaendelea kuchoma mafuta bila kiasi. Lakini Kipini ina tatizo la pili. Tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968, na hasa baada ya Masinga mwaka 1981, mabwawa ya umeme ya Mto Tana yamekuwa yakinasa udongo na mchanga ambao zamani ulifika baharini na kuujaza ufuo. Umeme ulikwenda mijini. Kipini ilipata ufuo wenye njaa ya mchanga.

Ukiweka mito hii miwili kando kwa kando, funzo linaonekana wazi. Nzoia hubeba udongo kupita kiasi na kuizamisha Bunyala; Tana imepungukiwa na mchanga na Kipini inaliwa. Katika mito yote miwili uamuzi ulifanyika juu, na hasara ikatua chini, kwa watu ambao hawakuulizwa.

Mombasa nayo iko mashakani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba bahari ikipanda kwa sentimita 30 tu, takriban asilimia 17 ya eneo la mji huo, yaani hekta 4,600 hivi, ingezama. Mawimbi yalipotishia msingi wa Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593 na iliyomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011, serikali ilijenga ukuta wa bahari kwa karibu shilingi milioni 500. Ulikuwa uamuzi sahihi, kwani ngome hiyo ni mali ya wote. Lakini ngome ina hati, ina wizara na ina watetezi duniani. Mvuvi wa Kipini na mkulima wa Bunyala wana nyumba tu.

Nani anahamishwa, na kwa masharti gani

Hapa ndipo kiini cha jambo. Mjadala wa nyumba za ufukweni mara nyingi huishia kwenye uhandisi: ukuta wa urefu gani, tuta la upana gani. Swali gumu zaidi ni la ardhi. Pwani ya Kenya imejaa maskwota kwa sababu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwapa hati wachache na kuwaacha wengi kwenye ardhi ya mababu zao bila karatasi. Asiye na hati hana cha kudai fidia bahari inapomchukulia kiwanja. Mwenye hati Bunyala naye anamiliki kiwanja ambacho hakuna atakayekinunua, hivyo hawezi kuuza na kwenda kwingine.

Serikali inapoamua kuhamisha watu, mara nyingi huwa ni kwa amri. Mei 2024, baada ya mafuriko yaliyoua karibu watu 300 nchini Kenya, wakazi waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mitoni waliamriwa waondoke. Matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru jijini Nairobi. Familia ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja, kiasi kinachotosha kodi ya miezi michache tu. Sheria ya kuilinda mito ni ya lazima. Utekelezaji wake siku watu wakiwa na msiba na matope ndani ya nyumba ni ukatili, na hauwazuii kurudi.

Dar es Salaam ilikwisha kulijua hilo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40, serikali ya Tanzania ilizipa familia za bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande, mbali pembezoni mwa jiji. Viwanja vilikuwa halali, na nia ilikuwa njema. Lakini mama aliyeuza samaki Jangwani hakuwa na wateja Mabwepande, na nauli ya daladala ilikula faida. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni. Mradi mpya wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliufadhili kuanzia mwaka 2022, umelipa fidia na kuwahamisha watu kabla ya ujenzi, na kupanga bonde lenyewe liwe nafasi ya maji na bustani. Uholanzi, nchi ambayo sehemu kubwa yake iko chini ya usawa wa bahari, ilifika kwenye wazo hilohilo katika mpango wake wa kuipa mito nafasi: kusogeza matuta nyuma, kulipa wakulima waliohama, na kuacha mto utanuke pale inapowezekana.

Mfuko wa dunia wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 unaweza kusaidia kulipia kazi ya namna hiyo. Kenya ina haki ya kuudai, kwa kuwa haikuchangia pakubwa joto hili. Lakini fedha za nje hazitaamua nani apewe kiwanja, wapi, na kwa jina la nani. Hilo ni jukumu la Nairobi, Busia, Kakamega na Trans Nzoia.

Familia za Bunyala zinazotaka kuhama zipewe ardhi kavu iliyo karibu na ziwa na masoko, hati ikiwa mkononi kabla hazijang'oa bati la kwanza, na nafasi ya kuhamisha makaburi kwa heshima. Wanaobaki wapate matuta yanayokaguliwa kila kiangazi na nyumba zenye misingi ya mawe. Kaunti zote za bonde la Nzoia ziwe na chombo kimoja chenye bajeti na mamlaka ya kumlipa mkulima wa juu apande miti na nyasi ukingoni. Agosti 2027 Wakenya watapiga kura tena. Watakaosimama jukwaani Mumias waulizwe kuhusu sukari, kama kawaida, na kisha waulizwe wana mpango gani wa mto unaopita nyuma ya jukwaa hilo kwenda kwa watu wa Bunyala.